Kinyoya Hakimjui Mkwe

Kinyoya kilianguka katikati yenu, na wote wawili mkasema "sori". Mlisema kwa pamoja, kwa adabu, kama wanakwaya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukutani Jumanne iliyopita nikawaona. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili nikatazama dari. Mara ya tatu nikanyanyuka nikatoka nje, maana ningebaki ningevua kiatu.

Sitaki sori. Sori haijawahi kurudisha kinyoya hewani. Nataka mtu mmoja aseme "yangu" kabla hakijafika, hata kama amekosea, na mwenzake ampishe. Mmekuja na raketi nyepesi kuliko kijiko, viatu vya rangi tatu, na kwenye simu mmewatazama mabingwa wa dunia wakiruka mpaka mnajua wanakula nini asubuhi. Lakini mtu yuko hatua mbili kutoka kwako na hujui kumwambia neno moja. Mimi nimestaafu kufundisha kwa sababu magoti yamekataa. Mdomo haujakataa. Kaeni chini, na yule wa mwisho pale aweke simu mfukoni.

Mimi ni mtu wa Busi, Kondoa. Shule niliiacha darasa la tano. Watu husema niliacha kwa shida, na shida ilikuwepo kweli, lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliona lori la vitunguu likipita nikataka kujua linaishia wapi. Liliishia Dodoma mjini. Baada ya hapo nimekuwa utingo, nimechuma zabibu za watu, nimechimba visima Haneti, nimepiga plasta nyumba za wageni waliohamia na serikali. Kila kazi niliiacha nilipoona nimeshaielewa. Huu mpira wa vinyoya sijauelewa mpaka leo, ndiyo maana ukanishika miaka yote hiyo.

Nao niliuingia kwa ufagio. Niliajiriwa kufagia ukumbi mmoja hapa mjini, na jioni wanawake wanne walikuwa wanakuja kucheza. Mkubwa wao alikuwa Sista Miriamu, muuguzi aliyestaafu hospitali, mwembamba, mkali, anayetembea kama anayekwenda kumkaripia mtu. Siku moja mwenzao hakuja.

"Wewe mwenye ufagio," aliniita. "Njoo usimame hapa."

"Sista, sijui kucheza."

"Sijakuuliza unajua nini. Nimekuuliza utasimama?"

Hakuwa ameniuliza hata hilo, lakini nilisimama. Akanipa raketi, nikaishika kama mwiko wa kusongea ugali wa harusi.

"Unamsonga nani?" akasema. "Hebu nisalimie."

"Shikamoo, Sista." Nikampa mkono.

"Marahaba. Umeona mkono wako? Umenishika, hujaniminya. Raketi ishike hivyo hivyo. Utaiminya pale tu inapogusa kinyoya, kisha unailegeza tena."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nusu yenu hamjalipita. Mnaiminya raketi kuanzia mlangoni hadi mnaporudi nyumbani, halafu mnalalamika kiwiko kinauma na mnanunua dawa za kuchua. Kiwiko hakina kosa. Vidole vyenu ndivyo vyenye hofu.

La pili lilikuwa nguvu. Ninyi mnadhani nguvu inatoka begani, ndiyo maana mnapopiga smashi mnatoa sauti ya mtu anayepasua kuni, na kinyoya kinakwenda kuanguka wavuni kama mgonjwa. Sista Miriamu alinipeleka bombani, akaniambia nilowanishe mkono kisha niukung'ute. Nikaukung'uta. "Bega lilifanya kazi gani?" akauliza. Halikufanya kazi yoyote. Kigasha kilizunguka, kiganja kikafuata, na matone yakafika ukutani. Pigo lote la mpira huu ni kukung'uta maji. Geuka ubavu, inua kiwiko, kutana na kinyoya juu na mbele yako, kisha kung'uta. Ukikisubiri kishuke mpaka sikioni umeshachelewa, utabaki kukibembeleza.

Jambo jingine linanipandisha hasira kila mwaka. Mnanunua vinyoya vya manyoya halisi, ghali, mnaviacha kwenye kopo lililo wazi juu ya kabati, halafu vikivunjika manyoya baada ya mapigo machache mnasema mwenye duka ni mwizi. Mwizi ni hewa ya Dodoma. Hapa kukavu. Hewa inayokausha kwato za mbuzi itashindwa unyoya wa bata? Jioni kabla ya kucheza, chemsha maji, pitisha kopo juu ya mvuke likiwa wazi pande zote mbili, hesabu pumzi chache, funga, liache. Kesho manyoya yanapinda bila kukatika. Na tuko juu huku, hewa ni nyepesi. Kinyoya kinachotosha uwanja pale pwani, hapa kinapaa mpaka kinapita mstari wa nyuma. Wachezaji kutoka Dar wakija wiki ya kwanza huwa wanatupigia nje, nje, nje, kisha wanasema uwanja wetu umepimwa vibaya.

Kwa hiyo hapa kwetu, kuliko mahali pengine, mchezo wa wawili wawili unahitaji neno moja: "Acha." Anayejua kuacha kinyoya kinachotoka nje anapata pointi bila jasho. Lakini aliye mbele, karibu na wavu, hawezi kujua. Kinapita juu ya raketi yake kwa kasi na yeye macho yake yako kwa adui. Akigeuka kuangalia nyuma, kinachofuata kitamkuta jichoni. Anayeona ni wa nyuma. Wa nyuma ndiye macho ya wote wawili, na sauti ya wa nyuma ndiyo amri. Sasa nitawasimulia kwa nini siwezi kunyamaza nikiona mnanyamaza.

Baadaye, nilipokuwa kocha, nilikuwa na jozi moja ambayo sijapata kuwa na nyingine kama hiyo. Wa mbele alikuwa Mzee Yohana, fundi cherehani, Mgogo wa hapahapa mjini, mtu aliyepita miaka hamsini, tumbo dogo mbele, mikono myepesi ajabu. Wavuni alikuwa kama anatunga uzi kwenye sindano. Wa nyuma alikuwa Lameki, kijana fundi wa pikipiki kutoka Haneti, miguu mirefu, mapafu ya punda. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza. Kila kinyoya walikielekeza chini. Hawakunyanyua bila sababu, kwa maana ukinyanyua umempa adui rungu. Lameki alishindilia kutoka nyuma, tena si pembeni kama mnavyopenda ninyi mkitaka kushangiliwa. Alishindilia katikati ya wapinzani, pale ambapo kila mmoja anafikiri ni cha mwenzake. Kikirudi kikiwa dhaifu, Mzee Yohana alikuwa ameshainua raketi kifuani anakingoja. Wakilazimika kunyanyua, haraka walitawanyika wakasimama sambamba, kila mtu na nusu yake, mpaka wapate nafasi ya kushambulia tena.

Na kelele zao! "Yangu!" "Acha, mzee!" "Shuka kulia!" "Toka, unaniziba!" Ungedhani ni mnada wa ng'ombe. Mzee Yohana alikuwa anatii kama askari, na baada ya mchezo anamtania: "Wewe kijana, mke wangu mwenyewe hajanifukuza hivyo." Wakicheka, wanakunywa maji kwenye chupa moja.

Kisha Lameki akampenda Perusi, binti wa Mzee Yohana.

Hakuna aliyeshangaa. Binti alikuwa anakuja kumletea baba yake taulo, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeona taulo linafika mapema kuliko jasho. Lameki akatuma mshenga, posa ikapokelewa vizuri, mazungumzo ya ng'ombe yakaanza. Mzee Yohana alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, nikidhani jozi yangu sasa imefungwa kwa kamba ya ukoo.

Lakini kwenye posa ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwenye neno zito kuliko baba. Alikuwa Mzee Ezekieli, kaka wa mama yake Perusi, mfugaji wa upande wa Mvumi, mtu wa mila iliyonyooka. Kwao mkwe hapigiwi kelele. Hupiti mbele yake ukamwonyesha mgongo. Humwamrishi jambo, hata moto ukiwaka. Unamtafuta mtu wa tatu amwambie. Mjomba huyu alikuja mjini kumwona mchumba wa mpwa wake, na kwa bahati mbaya alimwona kwa mara ya kwanza akiwa uwanjani.

Ilikuwa mechi ya kirafiki tu. Lameki, kwa mazoea, akapaza sauti kama siku zote: "Acha! Acha, mzee! Toka hapo!"

Mzee Ezekieli alikuwa ameketi karibu nami. Aliweka kofia kichwani, akachukua fimbo yake, akaondoka seti ikiwa katikati. Jioni hiyohiyo ujumbe ukaja: posa imesimama. Ukoo utaketi uamue. Kijana anayemfukuza mkwe wake kama mbuzi aliyeingia shambani, akishaoa atafanya nini?

Nilikasirika. Mimi nikikasirika sikai nyumbani. Nilimfuata alikofikia, nikamkuta ameketi kwenye kigoda anakunywa uji wa uwele.

"Shikamoo, mzee," nilisema, ingawa tulikaribiana umri.

"Marahaba. Wewe ndiye unayewafundisha kutukanana?"

"Hawatukanani. Ule ni mchezo. Bila sauti hauchezeki."

"Wewe ni Mrangi, sivyo? Kwenu mkwe mnamwambia 'toka'?"

"Kwetu mkwe hachezi mpira wa vinyoya."

"Basi wenye akili ni ninyi," akasema, akaendelea na uji wake.

Niliondoka na hasira mara mbili ya niliyokuja nayo. Nilienda kwa Mzee Yohana, nikamkuta anapima suruali ya mteja, nikamwambia amkemee shemeji yake. Akatoa pini mdomoni.

"Isa, mimi ni baba tu. Mjomba ndiye mwenye neno."

"Kwa hiyo utaacha vinyoya vianguke?"

"Kinyoya kikianguka kinaokotwa. Shemeji akianguka nani atamwokota?"

Na Lameki? Lameki alinyamaza. Alijiambia kwamba akionyesha heshima mpaka ukoo utakapoketi, mjomba atalegea. Basi akaja mazoezini kama aliyeingia kanisani. Alimwita Mzee Yohana "baba", akapokea raketi yake kwa mikono miwili, na uwanjani hakutoa sauti. Vinyoya vya katikati vyote alimwachia mzee, kama mtu anayemwachia mkwe wake maini. Ilipobidi yeye apande mbele na mzee arudi nyuma, alikataa kupanda, kwa sababu angesimama amempa mkwe makalio. Nilimwambia wavuni hakuna makalio, kuna nafasi tu. Akaniambia, "Kocha, wewe hutaketi kwenye kile kikao." Hapo alinishinda.

Mkitaka kujua jozi inavyokufa, ndivyo hivyo. Haifi kwa ugomvi. Wanaogombana angalau wanasikilizana. Inakufa kwa adabu. Mzee Yohana alikuwa anakimbia mbele na nyuma, anapiga mpaka vilivyokuwa vinakwenda nje, anahema kama mvukuto. Watazamaji wakaanza kupiga kelele: "Leo kuna msiba? Mbona kimya?" Na mimi, badala ya kufanya la maana, nikabuni ujanja. Nilimwambia Lameki akohoe. Kukohoa si kuamrisha. Kikohozi kimoja maana yake "acha", viwili maana yake "yangu".

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Mliozaliwa hapa mnajua upepo wa Agosti na lile vumbi jekundu. Kwenye nusu fainali ya mashindano ya mkoa, ukumbi mzima ulikuwa unakohoa. Kinyoya chepesi, cha kuua, kikaja mbele ya Mzee Yohana. Mama mmoja mwenye mafua kwenye kiti cha nyuma akakohoa mara moja. Mzee akashusha raketi kwa utii. Kikaanguka miguuni pake. Tulishinda mechi ile kwa sababu tu wapinzani wetu walikuwa wabovu kuliko kikohozi.

Perusi alitusubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Kocha. Mkimaliza kukohoa mniambie kama naolewa au naugua kifua kikuu."

"Perusi, taratibu," akasema Lameki.

"Ah! Kumbe sauti unayo. Nilidhani umeiweka rehani." Akamgeukia baba yake, akapiga goti kidogo, maana alikuwa binti mwenye adabu hata akiwa na hasira. "Baba, pole kwa uchovu. Lakini mimi sitaki mume anayeona jambo baya linakuja akanyamaza kwa sababu aliyetangulia ni mkubwa. Siku jiko likishika moto mgongoni mwako, atakohoa?"

Akaondoka na taulo. Watu wazima watatu tukabaki mlangoni na jasho letu.

Fainali ilikuwa Alhamisi, na kikao cha ukoo Jumamosi yake. Mzee Ezekieli akaja tena. Akakaa safu ya mbele, fimbo kati ya magoti, ajionee mwenyewe kama kijana amejifunza. Kila mmoja pale alilijua jambo lenyewe: Lameki akipaza sauti, Jumamosi Perusi hamwoni tena. Akinyamaza, mkwe wake ataaibika mbele ya mkoa.

Wapinzani walikuwa vijana wawili wa ofisini, wageni hapa mjini, wazuri kweli. Nawaheshimu. Walikuwa wanaanzisha kwa upande wa nyuma wa raketi, chini, kinyoya kinapita wavu kama kinanyata, halafu aliyeanzisha anasonga mbele papo hapo kungoja jibu. Kabla ya kila pigo letu walikuwa wanaruka karuko kadogo, miguu yote miwili, ili popote kinapokwenda wawe wameshaondoka. Karuko kale kadogo ndiko tofauti ya mchezaji na mtazamaji. Nimewaambia mara ngapi? Mnasimama mmekita visigino kama nguzo za umeme.

Seti ya kwanza walituchapa. Kimya kilikuwa kinauma masikio. Ya pili Mzee Yohana aliamua kuicheza kwa mikono yake peke yake. Alidokoa, akakata, akadanganya, tukaipata, lakini aliporudi kwenye benchi uso ulikuwa wa majivu. "Kunywa maji," nilimwambia. "Nimeshayanywa," akajibu, na chupa alikuwa hajaifungua.

Seti ya tatu tukawa tumeachwa nyuma pointi kadhaa. Hapo kinyoya kimoja kikapigwa kwa nguvu, kikiwa usawa wa uso, kinakwenda nje kabisa. Kila mtu alikiona. Lameki alikiona vizuri kuliko wote. Mzee Yohana, ambaye hakuwa na macho kisogoni, akakirukia, kikamgonga raketi pembeni, kikaanguka. Pointi yao.

"Mzee!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka juu. "Hicho kilikuwa kinakwenda Singida!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Yohana akasimama. Hakwenda kuokota kinyoya. Akageuka, akamtazama Lameki, na sauti yake haikuwa ya mtu anayenong'ona.

"Kilikuwa kinatoka nje?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ukanyamaza."

Lameki akatazama sakafu. "Nilikuwa nakuheshimu, baba."

"Unaniheshimu?" Mzee Yohana akamwonyesha watu kwa raketi, safu kwa safu, mpaka raketi ikasimama kwa shemeji yake. "Hawa wote wananicheka. Umeniona natumbukia shimoni, ukavua kofia. Hiyo ndiyo heshima mliyofundishwa?"

Mwamuzi akawaambia waendelee, wanachelewesha mchezo. Sijui kama swali lile aliulizwa Lameki au mtu wa safu ya mbele. Mzee Ezekieli hakutikisika. Nilimwona anaikaza fimbo, basi.

Kinyoya kilichofuata, Lameki alisema "Yangu." Kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Kilichofuata, "Yangu!" Kisha, "Acha!" Mzee akashusha raketi, kinyoya kikapita, kikatua nje kwa kiganja kizima. Pointi yetu. Lameki akavuta pumzi, akapanda mbele kwa mara ya kwanza tangu posa, akampa mkwe wake mgongo mbele ya mjomba, akaua kinyoya wavuni. Wakazunguka, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mawe mawili ya kusagia. Tukawafikia. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi na magoti haya haya.

Ikafika ishirini kwa kumi na tisa, wao mbele. Wakikosea tunalingana, tukikosea tumekwisha. Mapigo yalienda na kurudi hata sikumbuki mangapi. Mmoja wao akafyatua kinyoya bapa, kikali, kikapita karibu na sikio la Mzee Yohana, ambaye raketi yake ilikuwa imeshaanza kunyanyuka.

"Acha, baba!"

Sauti ilijaa ukumbi. Raketi ya mzee ikasimama palepale hewani. Kinyoya kikampita, kikampita na Lameki, kikaanza kushuka, kikatua.

Mwamuzi wa mstari akanyoosha mkono mbele. Ndani. Juu ya mstari wenyewe.

Wale vijana wakarukiana shingoni. Lameki akabaki anautazama ule mstari. Kisha akamfuata mzee, na mimi nikashuka kwenye benchi nikiwa tayari kumzuia yeyote atakayempiga mwenzake.

"Nimekosea, baba," akasema.

"Nimesikia," akasema Mzee Yohana, anahema, mikono magotini. "Nimesikia vizuri sana, sikuhitaji kugeuka. Macho yako tutayarekebisha Jumanne."

Watu wakawa wanatoka. Mzee Ezekieli alishuka, akaingia uwanjani na viatu vyake vya matairi, jambo ambalo siku nyingine lingenifanya nipige kelele. Akasimama mbele ya Lameki.

"Wewe ndiye uliyesema 'acha'?"

"Ni mimi, mjomba."

"Na hakikutoka nje."

"Hakikutoka."

Akamgeukia Mzee Yohana. "Na wewe, shemeji, ulishainua mkono. Ungeweza kukipiga?"

"Ningekipiga."

"Mbona uliacha?"

"Aliniambia niache."

Mzee Ezekieli akaegemea fimbo yake. Alitazama wavu, akatazama mahali kinyoya kilipotua, kana kwamba anapima zizi. Perusi alikuwa ameshafika na taulo, akasimama nyuma ya baba yake.

"Mshenga wenu," mjomba akasema hatimaye, "mwambieni Jumamosi apumzike kwake. Nataka kumsikia huyu mwenyewe."

"Nitakuja, mjomba," akasema Lameki, chini chini.

"Sijasikia."

"Nitakuja, mjomba!"